Aliyependwa Asiamini

Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, lakini watu wamemlilia kwa zaidi ya miaka 400. Anaitwa Othello. William Shakespeare alimwandika mwanzoni mwa karne ya 17, na onyesho la kwanza la tamthilia yake tunalolijua kwa maandishi lilichezwa tarehe 1 Novemba 1604, katika jumba la kifalme la Whitehall, London. Tangu hapo jina la Othello limekuwa jina jingine la wivu. Uliza popote tamthilia hii inahusu nini, utajibiwa: mume mwenye wivu aliyemuua mke asiye na hatia.

Jibu hilo halijanitosheleza. Naona wivu ulikuja mwishoni, ukakuta mlango umeshaachwa wazi. Kabla yake kulikuwa na jambo kubwa zaidi na la siku nyingi zaidi: Othello hakuamini kwamba yeye, kama alivyo, bila cheo na bila upanga, angeweza kupendwa. Na mtu asiyeamini hilo, ukimpenda, unamtia mashakani. Anaanza kujiuliza umekosea wapi.

Kwa wasioijua hadithi, niipitie upesi. Othello ni Mwafrika, jemadari wa majeshi ya Venice, dola ya wafanyabiashara na mabaharia. Amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa mzee Brabantio, seneta wa mji. Usiku ule ule habari zinafika kwamba Waturuki wanakwenda kukishambulia kisiwa cha Saiprasi, naye anatumwa kukilinda, mkewe anamfuata. Chini yake wapo maofisa wawili. Cassio, kijana mtanashati kutoka Florence, amepewa uluteni. Iago, askari wa siku nyingi aliyekitaka cheo hicho, ameachiwa kushika bendera. Iago anaapa kulipiza kisasi. Anamjaza jemadari maneno kwamba Desdemona na Cassio ni wapenzi, na kuiangusha leso ya Desdemona chumbani kwa Cassio iwe ushahidi, mpaka Othello anamziba mkewe pumzi kitandani. Ukweli unapojulikana, anajiua.

Mji huu wa Venice wengi wetu tuliujua kwa Kiswahili. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Walioisoma watamkumbuka mwana wa mfalme wa Moroko, mmoja wa wachumba wanaokuja kumposa binti aitwaye Portia, ambaye ataolewa na atakayechagua sanduku sahihi. Neno lake la kwanza kabisa kwa binti yule ni ombi: asimchukie kwa ajili ya rangi ya ngozi yake. Hajasema ametoka wapi, hajataja ushujaa wake, hajamsifu mwenyeji. Ameanza kwa kujitetea. Portia anamjibu kwa adabu ya sebuleni, lakini mgeni akishachagua sanduku lisilo lake na kuondoka, Portia anasema anatamani wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Shakespeare aliandika hayo miaka kadhaa kabla ya Othello. Alikuwa ameshaona jinsi mtu anavyoweza kubisha hodi huku tayari anaomba radhi. Na Waafrika wenye hadhi hakuwatoa hewani. Mwaka 1600 balozi wa Sultani wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikaa London miezi kadhaa na ujumbe wake, na picha aliyochorwa wakati huo ipo mpaka leo.

Sasa tumrudie Othello. Ukimwona mara ya kwanza hutadhani kwamba ana unyonge wowote. Watu wanamjia usiku na panga zimechomolewa, naye anawaamuru wazirudishe alani, sauti haijapanda. Anasema wazi kwamba ametoka katika ukoo wa wafalme. Iago anamtaka ajifiche, yeye anakataa. Mtu wa namna hii utasemaje kwamba hajithamini?

Sikiliza lakini anategemea nini. Anasema utumishi wake kwa serikali utasikika kuliko malalamiko ya baba mkwe. Thamani yake ameiweka kazini. Anaeleza kwamba tangu alipokuwa na miaka 7 mikono yake haikujua jambo jingine ila vita. Ametekwa, ameuzwa utumwani, amekombolewa, amevuka majangwa. Mji wa Venice unamhitaji kwa sababu Waturuki wako baharini. Waturuki wakiondoka, yeye ni nani pale? Swali hilo hakuna anayelisema kwa sauti, lakini mtu aliyeajiriwa ugenini kwa nguvu zake analijua usiku na mchana.

Na kuna nyumba ya Brabantio. Mzee huyu alimwalika Othello mara nyingi. Alimpenda, ndivyo asemavyo Othello mwenyewe. Kila akija, mzee alimtaka asimulie: vita, mizingiro, hatari za nchi kavu na za baharini. Desdemona alikuwa akizunguka na kazi za nyumbani, akizimaliza haraka, akirudi kuketi na kusikiliza. Picha nzuri. Lakini siku msimulizi alipogeuka kuwa mkwe, mzee yule yule alisimama mbele ya Mtawala wa Venice na baraza zima akadai kwamba binti yake amerogwa. Hoja yake ilikuwa fupi: haiwezekani msichana ampende mtu ambaye hata kumtazama angeogopa.

Tuyapime maneno hayo, msikilizaji. Mtu aliyekukaribisha mezani kwake anatangaza hadharani kwamba uso wako peke yake ni ushahidi wa uchawi. Othello hakurushiana naye maneno. Alieleza kwa utulivu, akashinda kesi. Hata Mtawala alipotaka kumfariji Brabantio, alimwambia kwamba mkwewe ni mweupe kuliko alivyo mweusi. Ilikuwa sifa, na ilikuwa ni kumvua mtu ngozi yake ili asifike. Desdemona naye, ambaye mapenzi yake sina shaka nayo hata chembe, alisema kwamba uso wa Othello aliuona katika akili ya Othello mwenyewe. Maneno mazuri. Ila kwa mtu ambaye usiku kucha kila mmoja anauzungukia uso wake, yangeweza kuacha swali.

Liko neno jingine la Othello katika baraza lile, na kwangu ndilo ufunguo. Anaeleza walivyopendana. Anasema Desdemona alimpenda kwa hatari alizopitia, naye akampenda Desdemona kwa kuwa alimwonea huruma. Hasemi alipenda macho yake, au busara yake, au ujasiri wa msichana aliyemkabili baba yake mbele ya baraza. Alipenda kuona kwamba kuna mtu anayalilia maumivu yake. Ni rahisi kulielewa hilo: mtu aliyeishi maisha yake yote akiwa ngao ya wengine amepata, kwa mara ya kwanza, anayemuuliza kama iliuma. Lakini penzi lililoanza na kisa huiogopa siku ambayo kisa kitakwisha na kubaki mtu mtupu, anayekoroma usiku na kusahau maneno. Othello alilivaa penzi lile kama nguo ya kuazima, kila saa akitazamia mwenyewe aje kuidai.

Ushahidi upo bandarini Saiprasi. Dhoruba imezizamisha meli za Waturuki, vita vimekwisha kabla ya kuanza, na Othello anashuka chomboni anamkuta mkewe ametangulia kufika salama. Furaha gani kupita hiyo? Anamwambia kwamba angekufa sasa hivi ingekuwa heri, kwa maana anaogopa majaliwa hayatampa tena raha kama hii. Desdemona anashtuka, anamwambia Mungu apishe mbali, raha yao itaongezeka kadiri siku zinavyozidi. Waangalie hao wawili. Mmoja anaona raha ndiyo kwanza inaanza. Mwingine amekwisha kuiaga. Mtu asiyejiona anastahili, raha humwogopesha kuliko shida. Shida anaijua, amekua nayo.

Sasa tufike kwenye tendo la tatu, onyesho la tatu, ambalo Iago anamshika Othello na kumgeuza kabisa ndani ya mazungumzo yasiyozidi nusu saa jukwaani. Wahakiki wamebishana sana kuhusu onyesho hili. A. C. Bradley, katika kitabu chake cha mwaka 1904, alimtetea Othello: mtu mwungwana, asiye na wivu wa asili, aliyenaswa na mwovu mwenye akili za kishetani. F. R. Leavis akampinga mwaka 1937, akisema msaliti hasa alikuwa ndani ya ngome, yaani ndani ya Othello mwenyewe aliyejipenda mno. Mimi namkubali Leavis kwamba adui alikuwa ndani. Sikubaliani naye kwamba adui huyo alikuwa majivuno. Litazame onyesho lenyewe.

Iago anaanza kwa kurudiarudia maneno ya jemadari kama mwangwi, akiacha sentensi nusu. Othello anajikaza. Anasema hatatia shaka kwa sababu ya upungufu wake yeye mwenyewe, kwa kuwa mkewe alikuwa na macho, na akamchagua. Sentensi nzuri, ya kiume. Lakini kwa nini ameutaja upungufu wake? Iago alikuwa bado hajaugusa. Aliyeuleta mezani ni Othello.

Iago anampa jiwe moja: alimdanganya baba yake ili aolewe nawe. Hilo ni neno la Brabantio, aliyemwonya mkwewe barazani kwamba aliyemdanganya baba anaweza kumdanganya na mume. Na anampa jingine: wewe ni mgeni, wanawake wa Venice mimi nawajua. Othello angali anasema anaamini mkewe ni mwaminifu. Halafu, peke yake, bila kusukumwa, anaanza sentensi kuhusu maumbile yanavyoweza kupotoka njia yake. Hakuimaliza. Iago anaidaka hewani: naam, hapo hapo! Msichana aliyekataa wachumba wa nchi yake, wa rangi yake, wa daraja lake, hiyo tamaa yake haina harufu mbaya?

Wazo kwamba kumpenda Othello ni kwenda kinyume cha maumbile lilitoka kwa Othello. Alilisikia kwa Brabantio, akalihifadhi, likamea. Iago alilimwagilia tu.

Iago akiondoka, jemadari anabaki peke yake na kuzitafuta sababu za kusalitiwa. Hatafuti ushahidi, anahesabu kasoro zake. Labda kwa kuwa mimi ni mweusi. Labda kwa kuwa sina maneno laini ya watu wa barazani. Labda kwa kuwa umri umeanza kuteremka. Akishamaliza kuzihesabu, anasema mke ameshapotea. Hakuna leso bado, hakuna shahidi, hakuna hata uongo uliokamilika. Hukumu imetolewa kwa orodha ya mapungufu ya mume. Na muda mfupi baadaye, akitaka kusema jinsi jina safi lilivyochafuka, mfano wa uchafu anaouchagua ni uso wake mwenyewe.

Kwa nini alimwamini Iago na kumkataa Desdemona? Watu huuliza swali hili kwa kushangaa. Mimi nashangaa kidogo tu. Iago alikuwa akimwambia mambo aliyokwisha kujiambia. Desdemona alikuwa akimwambia jambo geni: kwamba anatosha. Mtu anayejidharau humsikia anayemdharau kuwa ndiye mkweli, na humsikia anayempenda kuwa ama hajaona vizuri, ama ana lake jambo. Ndiyo maana ni kazi bure kumhakikishia mtu wa namna hiyo kwa maneno matamu peke yake. Unamsifu mke mapishi yake, anakuuliza unataka nini. Unamwambia mume uko naye, anakuuliza kwa nini leo umesema hivyo. Binti anamtoroka kijana anayemheshimu, anamrudia yule anayemtukana, na shoga zake wanashika vichwa. Kwake yeye matusi yana ladha ya ukweli.

Frantz Fanon alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1952, katika kitabu chake kuhusu ngozi nyeusi na vinyago vyeupe. Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Martinique, alimchukua mhusika wa riwaya moja ya René Maran, mwandishi mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Goncourt, mwaka 1921. Riwaya hiyo, ya mwaka 1947, ina mtu anayeitwa Jean Veneuse: mweusi, mzaliwa wa visiwa vya Antilles, aliyelelewa bwenini Bordeaux. Wenzake wakienda makwao likizo, yeye anabaki shuleni na vitabu. Ukubwani anapendwa na mwanamke wa Kifaransa, Andrée Marielle, ambaye anamwambia hivyo waziwazi. Veneuse hawezi kulipokea penzi hilo. Inambidi kwanza Mzungu rafiki yake amthibitishie kwamba anaruhusiwa. Fanon anasema jambo la ujasiri hapo: rangi, kwa Veneuse, imekuwa maelezo ya kidonda kilichoanza alipokuwa mtoto aliyeachwa. Aliwahi kuachwa, sasa anaiwahi siku ya kuachwa tena kwa kuondoka yeye mwanzo.

Kwa Othello mambo mawili hayo yamefungamana na sidhani yanatenganishika. Utoto wake ulikuwa uwanja wa vita. Na mji ulimkumbusha rangi yake kila siku. Onyesho zima la kwanza watu wanamzungumzia bila kumtaja jina hata mara moja, wakimwita kwa rangi yake na kwa majina ya wanyama. Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyemcheza Othello London mwaka 1930 na kisha Broadway kuanzia mwaka 1943 kwa maonyesho 296, alisisitiza kwamba huu ni msiba wa heshima kuliko wa wivu. (Robeson huyu ndiye yule aliyejiandikisha chuoni London mwaka 1934 kusoma fonetiki na Kiswahili, na nafurahi kila nikilikumbuka hilo.) Mwaka 1987 John Kani alimcheza Othello pale Market Theatre, Johannesburg, chini ya uongozi wa Janet Suzman. Sheria iliyopiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine ilikuwa imefutwa miaka miwili tu kabla. Watazamaji wa mji ule hawakuhitaji kuelezwa jinsi dola inavyoweza kuingia chumbani kwa mume na mke na kulala katikati yao.

Lakini kumwelewa Othello si kumtetea, na hapa nataka nisieleweke vibaya. Alimpiga mkewe kofi mbele ya mjumbe wa serikali. Alimwita kahaba. Alimuua. Wapo wengi wanaojiona duni na hawajainua mkono juu ya mtu. Unyonge wake unatueleza njia aliyopita. Haumwondolei hata tone la damu mikononi.

Na si yeye peke yake mwenye kidonda hicho katika tamthilia hii. Yupo Emilia, mke wa Iago, ambaye watazamaji wengi humsahau mpaka dakika za mwisho. Mumewe humsimanga mbele za watu tangu anaposhuka melini. Emilia anaiokota leso ya Desdemona, ile iliyotariziwa stroberi, zawadi ya kwanza ya Othello. Anajua Desdemona anavyoipenda, huibusu na kuzungumza nayo. Anajua pia kwamba mumewe amemwomba mara nyingi aiibe. Hajui ya nini. Anasema ataichukua ili kumridhisha tu. Kisha anamwendea mume kama mtoto aliyeficha zawadi mgongoni: nina kitu chako. Jibu la kwanza la Iago ni tusi kwamba ana mke mpumbavu. Leso ikitajwa, ghafla anakuwa mke mwema. Anapouliza itatumika kwa nini, ananyang'anywa na kufukuzwa.

Huo ndio uchumi wa ndoa yao: fadhila ya dakika moja kwa bei ya uaminifu wake kwa mtu mwingine. Emilia si mwovu. Ana njaa ya kuthaminiwa na mume, na mwenye njaa hiyo hununulika kwa bei rahisi mno. Onyesho linalofuata Desdemona anauliza leso imepotelea wapi, na Emilia, aliyeitoa kwa mikono yake, anajibu kwamba hajui. Sentensi hiyo fupi imegharimu maisha ya watu.

Ninampenda Emilia, hata hivyo, kwa sababu ndiye pekee anayebadilika kabla hajafa. Usiku wa mwisho, akimvua Desdemona mavazi, anasema waume wajue kwamba wake zao nao wana hisia, wanaona, wananusa, wanaonja tamu na chungu kama wao. Ni kama anajisikia akisema. Na ukweli unapofumuka chumbani, Iago anamwamuru aende nyumbani. Anakataa. Anasema kwa kawaida ni haki amtii mume, lakini si sasa. Anaeleza habari ya leso mbele ya wote, akijua upanga wa Iago uko wazi, na Iago anamchoma. Aliyeishi akitafuta neno jema la mume amekufa akiwa hamhitaji tena.

Desdemona alianza na nguvu zote hizo, kisha zikamtoka. Msichana aliyelihutubia baraza la Venice bila woga anapigwa kofi na kusema tu kwamba hakustahili hilo. Hata kabla ya kofi hilo alikuwa amejilaumu kwamba labda amemhukumu mume vibaya. Akiwa anakata roho, Emilia anamuuliza nani amefanya haya, anajibu: hakuna mtu, ni mimi mwenyewe. Watu husema huo ni upendo uliotakasika. Mimi unanitisha. Unyonge wa mume umehamia kwa mke, na sasa anaubeba hadi kaburini kama mzigo wake.

Hata Iago, mwenye kejeli nyingi, anatajwa bure kuwa mtu anayejiamini. Anaanza tamthilia akilalamika kwamba wakubwa watatu wa mji walimwombea cheo akanyimwa. Anawashuku wanaume wawili tofauti na mkewe. Na karibu na mwisho anakiri kwa nini Cassio lazima afe: maisha ya kijana yule yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye aonekane mbaya. Othello akijiona duni hujitesa na kumtesa anayempenda. Iago akijiona duni huwateremsha wengine mpaka walingane naye.

Othello, kabla ya kujiua, anaomba atajwe kama mtu aliyependa kupita kiasi bila hekima. Wasomaji wengi wamelipokea neno hilo. Mimi silipokei. Kupenda kupita kiasi kungemfanya aulize. Alimsikiliza Iago kwa siku nzima, lakini mpaka usiku wa kumuua hakumtajia Desdemona jina la Cassio kama mtuhumiwa mwenzake hata mara moja. Alimdai leso, akamtukana, akamwacha akisie. Emilia alipohojiwa aliapa kwamba hajaona wala kusikia lolote baya, akasema ikiwa kuna mwovu aliyetia jambo hili kichwani mwa bwana, basi Mungu amlipe. Othello akamdharau shahidi huyo. Kwa Cassio alijibanza mafichoni kutazama anavyocheka, akadhani anachekwa yeye, na Cassio alikuwa akimcheka mwanamke mwingine kabisa.

Desdemona alilisema kitandani: mwite Cassio, umuulize. Othello akajibu kwamba kinywa cha Cassio kimeshafungwa. Hakikuwa kimefungwa. Cassio alikuwa hai, ameumia mguu, na muda si mrefu akaletwa chumbani humo amebebwa kwenye kiti. Hapo ndipo jemadari alipomuuliza, kwa mara ya kwanza, leso ya mke wangu ulipataje. Cassio akamjibu kwamba aliikuta chumbani kwake, na kwamba Iago amekiri kuwa ndiye aliyeiangusha pale. Kwa kuuliza tu, angeyajua hayo mapema, mkewe akiwa hai.